Sentimita Moja ya Juu

Mkulima wa mpunga anaponunua chupa ya dawa ya magugu, karatasi iliyobandikwa ubavuni humweleza kiasi cha kuchanganya, siku ya kupuliza na muda wa kungoja kabla ya kuvuna. Mara nyingi haigusii jambo litakaloamua kama pesa yake itarudi: udongo wa jaruba lake utaifanyia nini dawa hiyo, tangu saa inapogusa maji hadi siku itakapoisha nguvu.

Ndiyo maana majirani waliotenganishwa na tuta moja, walionunua dawa duka moja na kuipuliza asubuhi moja, huishia na mashamba yasiyofanana. Huyu mpunga wake umesimama peke yake. Yule, ifikapo wiki ya nne, anahangaika kutafuta vibarua wa palizi. Lawama huenda kwa mwenye duka, kwamba dawa ilikuwa feki. Dawa feki zipo, na zinaumiza watu. Lakini dawa halali nayo hushindwa, na ikishindwa, mara nyingi sababu iko ardhini, mahali ambapo wachache huangalia.

Sehemu ya elimu tunayoihitaji hapa ilizaliwa kwetu. Miaka ya 1930, Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo katika kituo cha utafiti cha Amani kwenye Usambara Mashariki, alionyesha kwamba udongo wa Afrika Mashariki hupangika kwa kufuata mteremko: wa kilimani una tabia yake, wa ubavuni yake, wa bondeni yake, na mpangilio huo hujirudia kilima baada ya kilima. Akauita katena, na jina hilo linafundishwa vyuoni duniani kote hadi leo. Wasukuma walikuwa wakilima kwa kuufuata mpangilio huo bila kumngoja Milne. Wana luseni, kichanga cha mteremkoni. Wana itogolo, udongo wenye tabaka gumu chini yake linalozuia maji. Wana mbuga, mfinyanzi mweusi wa bondeni unaonata masika na kupasuka kiangazi. Majaruba ya mpunga ya Shinyanga, Mwanza na Tabora yamekaa huku chini, penye udongo unaoweza kushika maji. Hata hivyo, huku chini nako udongo si mmoja. Mtu anaweza kuwa na jaruba la juu lenye kichanga kingi na la chini lenye mfinyanzi mzito, akayapuliza yote mawili kwa bomba moja na kipimo kimoja.

Dawa ikishaingia jarubani huvutwa na pande mbili. Maji yanataka kuiyeyusha na kuondoka nayo. Chembe za udongo zinataka kuinasa. Uwezo wa udongo kunasa hutegemea mfinyanzi na mboji iliyomo. Gramu moja ya mfinyanzi wa aina iliyo nyingi katika mbuga, ukiweza kuzitandaza nyuso zote za chembe zake, hufikia mita za mraba mamia kadhaa. Kichanga hakina hata sehemu ndogo ya hapo. Dawa nazo zina tabia zake, kama rangi: mfumaji wa mikeka anajua rangi inayoshika ukili hadi mkeka uchakae, na anajua ile inayochuja kwa maji ya kwanza.

Tuchukue mifano ya dawa zenyewe. Oksadiazoni, inayotumika sana kwenye mpunga, ni ngumu kuyeyuka: lita moja ya maji hubeba takriban miligramu 1 tu. Ikitua juu ya udongo hukaa pale pale. Butakloro huyeyuka kidogo zaidi, kama miligramu 20 kwa lita. Molineti, iliyotumika miaka mingi Marekani, hukaribia miligramu 1,000. Kwa hesabu hiyo mtu angedhani glaifoseti, inayoyeyuka kwa zaidi ya miligramu 10,000 katika lita moja, ndiyo inayokimbia kuliko zote. Sivyo. Glaifoseti ina kiungo cha fosfoneti kinachoshikana na oksaidi za chuma na aluminiamu zilizo tele katika udongo wetu, na ikishashikwa haiachiliwi kirahisi. Kwa sababu hiyo hainyonywi na mizizi ya magugu yatakayoota baadaye. Huua tu yale iliyoyapata majani. Na kwa sababu hiyo hiyo, mkulima anayechota maji ya tope mfereji ukiwa umechafuka, akayachanganyia glaifoseti, anaipoteza dawa yake ndani ya bomba kabla hajaanza kupuliza. Tope lile ni udongo, nao umeshainasa. Nalisema hili kwa mkazo kwa kuwa kinga yake haina gharama: kuyaacha maji yatulie kwenye ndoo, au kuyafuata kisimani.

2,4-D iko upande wa pili. Ni miongoni mwa dawa kongwe tunazozungumzia hapa. Iliingia sokoni Marekani miaka ya 1940, na hadi leo ni ya bei nafuu na imeenea mashamba ya mpunga kwa kuua magugu ya majani mapana na jamii ya ndago. Katika udongo wa kawaida molekuli zake hubeba chaji hasi, na nyuso za mfinyanzi nazo zina chaji hasi, hivyo husukumana. Dawa hii haishiki udongo sana. Hufuata maji yanakokwenda.

Palizi ya dawa kwenye mpunga wa kupandikiza inategemea tofauti ya kina ambayo wakulima wengi wanaitumia bila kuambiwa. Mbegu nyingi za magugu ya jarubani ni ndogo mno. *Cyperus difformis*, ndugu wa ndago anayejaza majaruba duniani kote, ana mbegu kama vumbi, na iliyofukiwa chini ya sentimita moja kwa kawaida haina akiba ya kuisukuma hadi juu. Kwa hiyo magugu yanayoota yanatoka kwenye ngozi ya juu kabisa ya udongo. Mche wa mpunga, ambao tayari una wiki mbili au tatu kitaluni, hupandikizwa sentimita 2 au 3 chini, na mizizi yake huelekea chini zaidi. Butakloro, pretilakloro au oksadiazoni ikipulizwa siku chache baada ya kupandikiza, juu ya maji yaliyotulia, huteremka taratibu na kutanda juu ya tope kama tabaka jembamba, unene wa sentimita moja au pungufu. Gugu linachipua ndani ya tabaka hilo na kufa kabla hujaliona. Mpunga una mizizi chini ya tabaka na majani juu yake, na unaokoka kwa hilo kuliko kwa ugumu wa mwili wake.

Sasa tazama mambo yanayoweza kulivunja tabaka hilo. Udongo wa kichanga hauinasi dawa ya kutosha. Maji yanaponywea chini huteremka nayo hadi kwenye mizizi ya mpunga, na mkulima anapata hasara mara mbili, mpunga umedumaa na magugu yanaota kwa raha. Udongo wenye mboji nyingi sana huinasa kupita kiasi, na inayobaki huru kwenye maji ya udongo ni kidogo mno kuua. Jaruba lisilosawazishwa lina vilima vinavyochomoza juu ya maji, na juu ya kila kilima dawa haikutanda. Ukiona magugu yameota kwa mabaka, mara nyingi unatazama ramani ya usawa wa jaruba lako. Na mtu akiingia kukanyaga jarubani siku ya pili kurudishia miche iliyokufa, kila unyayo wake ni shimo katika tabaka. Kazi ya kurudishia miche ifanywe kabla ya dawa.

Kuvuruga udongo kwa maksai au kwa pawatila, ambako wengi hukuona kama kulainisha tope tu, ndiko kunakolijengea tabaka msingi. Chembe zilizovurugwa hutuama kwa mpangilio: nzito chini, laini juu. Zile laini huziba vinyweleo vya udongo na kupunguza maji yanayopotea chini, na ndizo zenye nyuso nyingi za kunasa dawa. Jaruba lililovurugwa vizuri linatayarisha mahali pa dawa kukaa. Lililovurugwa juu juu linavuja, hata kama udongo wake ni mzuri.

Jarubani kuna jambo jingine lisilokuwapo kwenye shamba la mahindi. Maji yakisimama, oksijeni haifiki chini. Bakteria wa udongo hutumia ile iliyomo katika siku chache, kisha wanageukia vitu vingine vya kupumulia: naitreti, manganizi, halafu chuma. Chuma kikibadilika, udongo mwekundu hugeuka kijivu, na ukichimba unasikia harufu ya kinamasi. Juu kabisa, mahali tope linapogusana na maji, hubaki utando wa milimita chache wenye oksijeni na rangi ya kutu. Uchachu wa udongo nao husogea. Udongo uliokuwa mchachu, ukishazama wiki kadhaa, hukaribia pH ya 7. Mabadiliko hayo yote yanagusa dawa. Bensulfuroni, inayotumika kwa gramu makumi tu kwa hekta, hushika udongo vizuri penye uchachu na huachia uchachu unapopungua. Pendimethalini, ambayo hudumu wiki nyingi kwenye shamba kavu, huvunjwa haraka zaidi na bakteria wasiohitaji oksijeni, na hii ni sababu mojawapo ya kuonekana inafaa zaidi kwenye mpunga unaopandwa kwa mbegu kwenye udongo usiozama. 2,4-D ina hadithi ya kinyume: kwenye udongo wenye joto na hewa nusu yake huisha kwa takriban siku kumi, lakini udongo ukikosa oksijeni huchukua muda mrefu zaidi.

Bakteria wana kumbukumbu ya aina yake. Mwaka 1949 mwanasayansi wa Uingereza, Leslie Audus, alipitisha 2,4-D kwenye udongo maabarani. Mara ya kwanza dawa ilikaa siku kadhaa kabla ya kuanza kuisha. Mara ya pili, katika udongo ule ule, ikaisha upesi. Bakteria wanaoila walikuwa wameongezeka. Dawa zinazofanya kazi kupitia udongo, zikirudiwa bila kubadilishwa msimu baada ya msimu, zinaweza kupungua muda wa kudumu kwa njia hiyo. Gugu lenyewe nalo linaweza kuwa sugu, na hilo ni tatizo lingine lenye dalili inayofanana. California ilianza kutumia bensulfuroni kwenye mpunga mwaka 1989. Miaka michache tu baadaye *Cyperus difformis* isiyokufa kwa dawa hiyo ikathibitishwa mashambani.

Lakini katika yote yanayoweza kutokea ndani ya tope, hakuna linaloonyesha nguvu za udongo kama lililowapata Wajapani miaka ya 1970. Walikuwa wanatumia thiobenkabi, dawa nzuri dhidi ya magugu ya jamii ya nyasi, ambayo mpunga huivumilia. Katika baadhi ya mashamba mpunga ukadumaa, mfupi, wa kijani kilichokolea, majuma kadhaa baada ya dawa kupulizwa. Kipimo kilikuwa sahihi. Dawa ilikuwa halali. Uchunguzi ulipofika ndani ya udongo, ilibainika kwamba katika mashamba yaliyokosa hewa sana bakteria walikuwa wakiing'oa atomu ya klorini kutoka kwenye molekuli ya thiobenkabi. Kilichobaki kilikuwa kemikali nyingine, na hiyo mpunga hauivumilii. Udongo ulikuwa umetengeneza sumu ambayo hakuna mtu aliyeinunua. Fikiria mkulima aliyefuata kila agizo, akasimama tutani akitazama mpunga wake ukikataa kurefuka. Nani angemwamini kama angesema hakukosea?

Japani ilikuwa imekwisha kuyaona mengine pia. Mwaka 1949 palizi ya hekta moja ya mpunga kule ilikuwa inameza saa za kazi zipatazo 500, watu wakiinama kwenye maji ya moto wa kiangazi. Dawa zilipokuja, saa hizo zikaporomoka hadi chini ya 20 mwishoni mwa karne. Sitaki mtu yeyote aidharau nafuu hiyo. Mgongo wa mama anayepalilia jaruba ni mgongo wa kweli. Ila miongoni mwa dawa za mwanzo ilikuwamo pentaklorofenoli, maarufu kama PCP, ambayo ni sumu kali kwa samaki. Mwaka 1962 mvua kubwa zilizoa maji ya majarubani hadi Bahari ya Ariake na Ziwa Biwa, samaki na chaza wakafa kwa wingi, na wavuvi wakapoteza riziki kwa dawa ambayo hawakuinunua.

California ilijifunza somo hilo hilo miaka ishirini baadaye. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 samaki aina ya kapu walikufa kwenye mfereji mkuu unaokusanya maji ya mashamba ya mpunga ya bonde la Sacramento, na molineti ikatajwa kuwa chanzo. Wakati huo huo wakazi wa jiji la Sacramento walilalamika kwamba maji ya bomba yana uchungu. Thiobenkabi iliyofika mtoni ilikuwa inabadilika kwenye mitambo ya kusafishia maji kwa klorini. Dawa hazikupigwa marufuku papo hapo. Wakulima walitakiwa kuyafungia maji jarubani baada ya kupuliza, kwanza siku chache, baadaye hadi wiki nne hivi, ili udongo, jua na bakteria vifanye kazi yao kabla tone halijatoka. Kiasi cha molineti kilichofika mtoni kilipungua kwa zaidi ya asilimia 90. Molineti yenyewe iliondolewa kabisa Marekani mwaka 2009, lakini utaratibu wa kufungia maji umebaki.

Nimekaa na mifano hii ya mbali kwa sababu inatufundisha jambo linalofanana kila penye jaruba: siku za kwanza baada ya kupuliza ndizo zinazoamua magugu na samaki kwa pamoja. Maji yaliyofungiwa huipa dawa muda wa kutua na kutengeneza tabaka, na huipa muda wa kuvunjika. Mkulima anayefungua tuta siku ya pili anapoteza pesa yake na kumpelekea jirani wa chini sumu. Japani wakulima hushauriwa wasitoe maji jarubani kwa siku saba baada ya dawa, na maelezo ya dawa nyingi kule yanaonya zisitumike kwenye jaruba linalopoteza zaidi ya sentimita 2 za maji kwa siku.

Kipimo hicho mtu yeyote anaweza kukifanya bila kumwita mtaalamu. Jaza jaruba, funga maingilio na matokeo, chomeka kijiti, tia alama usawa wa maji, kisha rudi kesho saa ile ile. Jua na mimea huchukua karibu milimita 5. Kinachozidi hapo kimekwenda chini au kimetoboa tuta. Maji yakishuka milimita 10 tu, tabaka lina nafasi ya kudumu. Yakishuka 30, rudi kwanza kwenye tuta, tafuta matundu ya kaa na panya, vuruga tena sehemu inayovuja. Na kama ni kichanga kisichotengenezeka, chagua dawa ya majani badala ya dawa ya udongo. Bispairibaki au propanili huua kupitia majani ya magugu yaliyokwisha kuota, na maji hupunguzwa kabla ya kupuliza ili majani hayo yaonekane. Propanili ina sharti lake: mpunga huivunja kwa kimeng'enya chake wenyewe, na baadhi ya dawa za wadudu hukizuia kimeng'enya hicho, kwa hiyo ukizipuliza kwa kukaribiana utauunguza mpunga.

Udongo wa mbuga una hatari yake isiyopimwa kwa kijiti. Mfinyanzi mweusi wa Mwea nchini Kenya, kama ule wa Usukuma, ukikauka hupasuka nyufa zinazomeza mkono. Maji yanaporudishwa hupita kwenye nyufa hizo moja kwa moja kwenda chini, yakiwa na chochote kilichokuwa juu. Hili linawahusu sana wanaofuata kilimo shadidi, ambapo jaruba hukaushwa na kuloweshwa kwa zamu. Kilimo hicho kinaokoa maji na mbegu, na nakiunga mkono. Lakini kinaondoa maji yaliyokuwa yakizuia nyasi kuota, na kinawapa bakteria wa hewa na bakteria wa tope nafasi ya kupokezana kwenye dawa ile ile. Tabaka la dawa halidumu sana katika hali hiyo. Mashine ya kusukuma kati ya mistari ndiyo palizi inayolingana nacho, na anayetaka dawa ya udongo aahirishe ukaushaji wa kwanza hadi tabaka limalize kazi, asiuache udongo ufikie kupasuka.

Ugumu mkubwa uko kwenye mfereji wa pamoja. Katika skimu nyingi za Tanzania na Kenya maji huja kwa zamu, na mwenye jaruba la juu humwagia wa chini. Mkulima hawezi kufungia maji siku saba ikiwa zamu ijayo itafurika jaruba lake siku ya nne, au ikiwa maji ya jirani yanapita ndani ya jaruba lake kwenda mbele. Katika bonde la Usangu, Tanzania, maji yanayotoka majarubani hurudi kwenye mito inayolisha kinamasi cha Ihefu, na kutoka Ihefu mto Ruaha Mkuu huelekea bwawa la Mtera, ambako watu wanavua na kula samaki. Kwa hiyo siku za kupuliza dawa zinapaswa kuwamo kwenye ratiba ya zamu ya maji, zikipangwa tawi kwa tawi la mfereji, wanaopandikiza wiki moja wapulize wiki moja na wafunge matuta pamoja. Kamati za umwagiliaji tayari zinakutana kupanga nani anapata maji lini na nani anasafisha mfereji. Mkutano huo huo una uwezo wa kupanga pia ni siku gani maji hayatoki jarubani kwa mtu yeyote.